Sekta ya magari ina uzito gani katika uchumi, na tuupime vipi bila kujidanganya?

*"Habari yako, mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha mafundi wa magari na wajenzi wa bodi za mabasi hapa Thika. Kamati ya bunge la kaunti imetuita baada ya wiki tatu tueleze kwa nini sekta yetu itengewe ardhi na umeme wa bei nafuu. Wenzangu wanataka tuanze na takwimu moja nzito. Tumesoma kwamba Ujerumani kila ajira ya saba hutegemea magari, na kwamba Afrika Kusini sekta hii ni zaidi ya asilimia 5 ya uchumi. Mwenzetu mmoja akajumlisha mauzo ya viwanda vya kuunganisha magari, yadi, maduka ya spea na vituo vya mafuta, akagawa kwa Pato la Taifa, ikatoka asilimia kubwa hadi tukashangilia. Mwingine aliyesomea uchumi akatuambia kwamba katika takwimu rasmi utengenezaji wa magari ni tone baharini. Nani mkweli? Na je, ni halali kusema kila kazi moja ya kiwandani huzaa kazi saba nje? Baba yangu alichomelea vyuma miaka ishirini katika kiwanda cha kuunganisha magari, na husema kazi ilipopungua pale, mama wa chapati nje ya lango ndiye aliyejua kwanza. Hilo nalo linahesabika?"*

Ndugu katibu, hilo la mama wa chapati linahesabika, na nitalifikia. Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu wenzako wawili: hakuna mwongo kati yao. Mmoja amepima kitu kisichofaa kugawanywa kwa Pato la Taifa, na mwingine amechungulia nyumba nzima kupitia tundu la ufunguo. Mkisimama mbele ya kamati na hesabu ya yule wa kwanza, mjumbe mmoja anayejua uhasibu atawaumbua mchana kweupe. Mkisimama na ya yule wa pili, mtajidhulumu wenyewe. Nimefanya kazi ya hesabu za taifa kwa miaka mingi, na kila mara swali hili linapoletwa mezani ninamrudishia mwulizaji swali jingine: unataka kujua sekta ina ukubwa gani, au unataka kujua nchi ingepoteza nini isipokuwepo? Majibu yake hayafanani hata kidogo, na kamati yenu, kwa kweli, haitaki kujua lolote kati ya hayo mawili. Inataka kujua ardhi na umeme huo vitaleta nini Thika.

Tuanze na mauzo, maana hapo ndipo wengi hutelezea. Pato la Taifa si jumla ya mauzo. Ni jumla ya thamani iliyoongezwa, yaani kile ambacho kila mzalishaji amekiongeza juu ya vitu alivyonunua kwa wengine. Chukua basi la abiria, kitu unachokijua kuliko mimi. Namba zifuatazo nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, na kodi nimeziweka kando. Kiwanda kinaagiza chesisi, yaani kiunzi cha gari, kutoka nje ikiwa vipandevipande kwa shilingi milioni 3. Kinanunua hapa nchini rangi, umeme, betri na vikorokoro vingine vya shilingi 400,000, kinaunganisha, kisha kinamuuzia mjenzi wa bodi kwa milioni 4. Mjenzi naye ananunua mabomba ya chuma, mabati, vioo, sponji za viti na nyaya kwa milioni 1.2, anachomelea, anapaka rangi, na kuiuzia sacco basi zima kwa milioni 6.2.

Jumlisha mauzo kama alivyofanya mwenzenu: milioni 4 za kiwanda, 6.2 za mjenzi, na 1.6 za waliowauzia vifaa. Unapata milioni 11.8 kwa basi ambalo bei yake ni 6.2. Chesisi imehesabiwa mara mbili, mara ya kwanza ilipotoka kiwandani na mara ya pili ikiwa tumboni mwa basi. Sasa hesabu thamani iliyoongezwa. Kiwanda kimeuza kwa milioni 4 baada ya kununua vitu vya 3.4, kwa hiyo kimeongeza 600,000. Mjenzi ameongeza milioni 1. Waliouza vifaa, tukichukulia kwamba nusu ya thamani ya vifaa hivyo ilitoka ng'ambo, wameongeza 800,000 hapa nchini, wao pamoja na waliowauzia wao. Jumla ni milioni 2.4. Hizo ndizo zilizogeuka mishahara ya Wakenya, faida, na gharama ya mitambo inayochakaa. Milioni 3.8 zilizobaki zimevuka bahari. Kati ya 11.8 na 2.4 kuna tofauti ya karibu mara tano, na hakuna aliyedanganya, ila aliyejumlisha mauzo amepima kitu kingine kabisa.

Nchi zenye viwanda vikubwa zina tofauti hiyohiyo. Chama cha watengenezaji na wauzaji wa magari cha Uingereza, SMMT, kimekuwa kikieleza katika taarifa zake za miaka ya karibuni kwamba utengenezaji unaohusiana na magari una mauzo ya pauni bilioni 93 na thamani iliyoongezwa ya pauni bilioni 22. Chama hicho kazi yake ni kuitetea sekta, na bado kinaziweka namba zote mbili bega kwa bega. Magazeti ndiyo hupenda kuchukua ile ya 93 na kuiacha nyingine. Chama hichohicho kinasema watu karibu 200,000 wanafanya kazi katika utengenezaji wenyewe, na zaidi ya 800,000 katika sekta kwa upana wake, pamoja na wauzaji na mafundi. Angalia vizuri hapo: kwa kila mtu mmoja aliye kiwandani, kuna kama watatu walio nje ya kiwanda wanaouza na kutengeneza magari. Kwetu uwiano huo umelalia upande wa mafundi zaidi, na nadhani hapo ndipo ilipo hoja yenu.

Sisemi mauzo hayana kazi. Mwaka 1978 mwanauchumi Charles Hulten alionesha kwamba ukitaka kujua uchumi mzima utaguswa kiasi gani sekta moja ikiongeza au ikipoteza ufanisi wake kidogo, kipimo cha karibu ni mauzo ya sekta hiyo ukilinganisha na Pato la Taifa. Kwa maneno mengine, sekta yenye thamani ndogo iliyoongezwa inaweza kuwa na mkono mrefu, kwa sababu bidhaa yake hupita ndani ya kazi za wengine. Dunia iliona jambo la namna hiyo mwaka 2021, vipande vidogo vya kielektroniki vilipoadimika na viwanda vikubwa vya magari vikasimamisha mitambo kwa ajili ya kitu ambacho bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya gari. Lakini hicho ni kipimo cha mshtuko. Huwezi kukichukua ukakiita "mchango wa sekta kwenye Pato la Taifa".

Kuhusu yadi na vituo vya mafuta, hapo mwenzenu amepotea zaidi. Gari lililotumika likishuka Mombasa, bei iliyolipwa Japani haimo katika Pato letu. Inaandikwa upande mmoja kama matumizi au uwekezaji, halafu inatolewa upande wa pili kama bidhaa iliyonunuliwa nje, inabaki sifuri. Kinachobaki kwetu ni kazi ya bandari, ya wakala wa forodha, ya dereva aliyelipandisha hadi Nairobi, kile alichoongeza mwenye yadi, na kodi iliyotozwa. Mafuta ni hivyohivyo. Mkiandika bei nzima ya lita ya dizeli kama mchango wa sekta ya magari, mtakuwa mmeuhesabia uchumi wa Kenya kazi ya visima vya Ghuba.

Sasa tumgeukie yule mchumi wenu. Takwimu rasmi karibu duniani kote hupangwa kwa mafungu ya Umoja wa Mataifa yaitwayo ISIC. Katika toleo la 4, utengenezaji wa magari ni fungu la 29, na bila shaka hilo ndilo alilolitazama. Wajenzi wa bodi za mabasi na trela wamo humo pia, bega kwa bega na viwanda vya kuunganisha. Lakini fundi wa gereji hayumo. Yeye na muuza spea na mwenye yadi wako fungu la 45, ndani ya kundi kubwa la biashara ya jumla na rejareja. Pikipiki hutengenezwa katika fungu la 30, tairi ziko na bidhaa za mpira katika fungu la 22, kioo cha mbele ni fungu la 23, betri ni la 27. Dereva wa matatu na mtu wa bodaboda wako uchukuzi, fungu la 49. Chama chenu chenyewe, watu mnaokunywa chai meza moja, kimekatwa vipande viwili na mfumo huu: mchomeleaji wa bodi ni mtu wa viwanda, fundi wa injini ni mtu wa biashara.

Kibaya zaidi, ripoti za kila mwaka kwa kawaida huchapisha kundi zima la biashara bila kulipasua. Kwa hiyo thamani anayoongeza fundi anayefungua gearbox Makongeni imelala ndani ya namba moja na duka la sukari. Haijafutwa, imefichwa. Tena nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira, ukiacha kilimo kidogo, iko katika sekta isiyo rasmi, na gereji nyingi ni za jua kali. Ajira hizo hupatikana kwa makadirio na tafiti za kaya na biashara ndogo. Hazitoki kwenye fomu zinazojazwa na makampuni. Anayehesabu kwa fomu za makampuni tu hawezi kuwaona mafundi hao.

Hata hivyo mchumi wenu ana haki katika jambo moja, na ninaomba mlikubali bila kinyongo. Viwanda vyote vya Kenya kwa pamoja, vya unga, saruji, chai, nguo, vyuma na kila kitu, ni chini ya asilimia 10 ya Pato la Taifa. Mtu akikuletea karatasi inayosema kutengeneza magari peke yake kunafika hapo, huhitaji kufungua hesabu zake ili ujue zimekosewa. Kazi ya kuunganisha magari hapa kwetu imekuwepo tangu miaka ya 1970, Thika, Mombasa na Nairobi, na ni kazi ya kujivunia. Lakini kwa ukubwa bado ni ndogo, na sehemu kubwa ya thamani ya gari huja imefungwa ndani ya makreti.

Afrika Kusini mliyoisoma ni mfano mzuri wa takwimu iliyosemwa vizuri. Kwa mwaka 2023 sekta yao ya magari ilitajwa kuwa asilimia 5.3 ya Pato la Taifa, lakini wanaotangaza namba hiyo huipasua papo hapo: 3.2 ni utengenezaji, 2.1 ni uuzaji. Unajua mpaka umewekwa wapi. Pia usisahau ilichukua nini kufika pale. Wana mipango ya serikali iliyofuatana tangu mwaka 1995, viwanda kamili kule Gqeberha, East London, Durban na Pretoria, na magari mengi yanayouzwa nje. Bado mpango wao wa hadi mwaka 2035 unalenga kufikisha asilimia 60 ya vifaa vinavyotoka ndani ya nchi, kwa sababu wakati wanauandika walikuwa wamekwama kwenye asilimia 40 hivi. Kama wao wanahangaika na chesisi inayovuka bahari, sisi tusione aibu kulisema.

Ile ya Ujerumani, kila ajira ya saba, iacheni. Imezunguka miaka mingi na wachumi wa huko wameipinga miaka mingi. Mwaka 2023 watu walioajiriwa moja kwa moja katika sekta ya magari Ujerumani walikuwa kama 780,000, katika nchi yenye wafanyakazi wapatao milioni 46. Hiyo haifiki asilimia 2. Ili ufikie moja ya saba unalazimika kumwingiza kila anayeishi kwa kuwa magari yapo: dereva wa teksi, muuza mafuta, mjenga barabara. Lakini dereva wa teksi wa Berlin hatapoteza kazi kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg kikifungwa. Atanunua gari lililotengenezwa Korea. Kutegemea gari na kutegemea kiwanda cha gari ni mambo mawili, na takwimu ile imeyafunga kamba moja.

Sasa lile la kazi moja kuzaa saba. Wazo lenyewe ni halali. Lilipewa hesabu yake na Wassily Leontief, mchumi aliyekulia Urusi, akafanya kazi Marekani na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1973. Alijenga jedwali linaloonesha kila sekta inanunua nini kwa kila sekta nyingine. Ukilishika jedwali hilo unaweza kuuliza: nikitaka basi moja zaidi, ni chuma kiasi gani zaidi kitahitajika, na ili chuma hicho kipatikane ni umeme kiasi gani, na ili umeme huo upatikane ni nini tena, hadi mnyororo uishe. Katika mfano wetu wa basi, kiwanda na mjenzi wameongeza milioni 1.6, na waliowauzia vifaa 800,000. Kila shilingi ya kwenu imevuta senti hamsini kwa wengine. Hicho ndicho kizidishi, na hapo ni 1.5.

Kwa nini hakikufika saba? Kwa sababu ya uvujaji. Kila mahali mnyororo unapofika bandarini unakatika, kwa upande wetu. Nchi inayoyeyusha chuma chake, inayotengeneza vioo vyake na injini zake, mnyororo wake ni mrefu. Nchi inayoagiza vyote hivyo, mnyororo wake ni mfupi hata kama kiwanda chake kimejaa watu. Ndiyo maana kuazima kizidishi cha Ujerumani au Marekani na kukibandika Thika ni kosa kubwa kuliko kosa la kujumlisha. Hutakuwa umezidisha namba tu, utakuwa umeazima viwanda vya watu wengine ambavyo hapa havipo.

Kuna udhaifu mwingine wa vizidishi ambao watetezi wa sekta, wa hapa na wa ng'ambo, huupita kimya. Jedwali linadhani kwamba wafanyakazi na mashine za ziada zipo zimekaa bure zikisubiri kuitwa. Mchomeleaji mnayemwajiri kesho, leo anafanya nini? Kama amekaa nyumbani, kazi yake ni nyongeza kamili. Kama anachomelea mageti Juja, mmemhamisha, na nyongeza ni ile tofauti tu ya anachozalisha. Jaribio moja rahisi: omba vizidishi vinavyotangazwa na watu wa chai, wa maua, wa utalii, wa ujenzi na wa magari, jumlisha ajira zote wanazodai kuzibeba. Utapata nchi yenye wafanyakazi wengi kuliko watu.

Njia ya kweli ya kujua uzito wa sekta ni kutazama mahali ilipoondoka, na hapa ninawaomba msome habari za Australia kwa makini. Mitsubishi iliacha kutengeneza magari huko mwaka 2008. Ford ikafunga Oktoba 2016. Toyota ikafunga tarehe 3 Oktoba 2017, na Holden ikafunga kiwanda cha Elizabeth, kaskazini mwa Adelaide, tarehe 20 mwezi huohuo. Nchi iliyokuwa na viwanda vya magari ikabaki bila kiwanda hata kimoja cha magari madogo. Ilikuwa imekadiriwa kwamba hadi ajira 40,000 zingeguswa, viwandani na kwa wauza vifaa. Kitaifa, kiwango cha ukosefu wa ajira hakikuruka. Katika mwaka uliofuata kilikuwa kinashuka. Mtu aliyetazama Pato la Taifa tu angesema hakuna kilichotokea.

Lakini muulize mtu wa Elizabeth. Huko kiwanda kilikuwa ndicho mji, na mtu wa miaka hamsini aliyefanya kazi mstari mmoja maisha yake yote hahami kwa urahisi. Watafiti waliwahi kuwafuatilia wafanyakazi waliopunguzwa na Mitsubishi kusini mwa Adelaide katika miaka ya 2000, na takriban theluthi moja tu ndio waliopata tena kazi ya kudumu ya siku nzima. Wengine walipata vibarua, wengine waliacha kutafuta. Kwa hiyo sekta inaweza kuwa ndogo kwa taifa na kubwa kwa mji, na kauli hizo mbili zote zikawa za kweli kwa wakati mmoja. Nyinyi mnakwenda mbele ya kaunti, hamwendi Hazina ya taifa. Asilimia ya Pato la Taifa si hoja yenu hata ingekuwa nzuri kiasi gani.

Australia ina somo la upande wa pili pia, na wajumbe wenye bidii watalileta. Tume ya tija ya nchi hiyo ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1997 na 2012 sekta ya magari ilipewa msaada wa takriban dola bilioni 30 za Australia, na bado iliondoka. Uzito wa sekta hupimwa pamoja na gharama yake. Hapa kwetu magari yanayoletwa vipandevipande ili yaunganishwe huingia bila ushuru wa forodha chini ya utaratibu wa Afrika Mashariki, na magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka minane hayaruhusiwi kuingia Kenya. Yote mawili yana sababu zake, na mimi ninaona ya kwanza ina maana. Lakini kodi isiyotozwa ni fedha ya mtu, na mnunuzi anayelipa zaidi ni mtu. Mkiomba umeme wa bei nafuu, semeni ni nani atalipa tofauti hiyo ya bei, na atapata nini. Hoja inayotaja gharama yake yenyewe husikilizwa kwa sikio jingine.

Na jambo moja linalonisumbua mimi binafsi. Zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani Kenya kila mwaka. Pato la Taifa linapohesabu, gari lililogongwa na kupelekwa gereji linaongeza mapato, kitanda cha hospitali kinaongeza mapato. Aliyekufa hana safu. Nyinyi mnajenga bodi. Mnajua bodi imara ni ipi na ile iliyopunguzwa mabomba ni ipi. Kama kuna sekta inayoweza kusema kwamba kazi nzuri ya mikono yake huokoa maisha, ni yenu, na hilo liwekeni kwenye waraka hata kama hakuna anayejua kuliandika kwa shilingi.

Sasa mfanye nini ndani ya wiki tatu? Ningekuwa mimi, ningesahau takwimu ya taifa na kuhesabu barabara nne au tano mnazozijua. Gawaneni vijana wawili wawili, daftari mkononi, mpite gereji kwa gereji na karakana kwa karakana. Kwa kila moja mnahitaji mambo machache: watu wangapi wamelipwa wiki iliyopita, wakiwemo wanafunzi wa ufundi, wamelipwa kiasi gani, kazi zilizouzwa mwezi uliopita ni za shilingi ngapi, na vifaa vilivyonunuliwa ni vya shilingi ngapi. Mauzo ukitoa vifaa, umeme na kodi ya pango, hiyo ni thamani iliyoongezwa, ileile ambayo mtakwimu wa taifa angeitafuta. Mwulizeni pia kila mmoja vifaa alinunua wapi, Thika, Nairobi au ng'ambo, maana swali hilo moja ndilo litakalowaambia mnyororo wenu unakatikia wapi. Watu watasita kutaja mauzo kwa kuhofia kodi. Msiandike majina, na aliyesita mwacheni. Ni afadhali karakana 60 zilizosema kweli kuliko 200 zilizokisia. Kisha ulizeni swali ambalo kwangu ndilo la msingi: ukipata nafasi mara mbili ya hii na umeme usiokatika, ungeongeza watu wangapi, na watu hao leo wanafanya nini?

Mahali pa kutafuta msaada wa ana kwa ana ni pawili. Nendeni KNBS, shirika la takwimu la taifa, muombe takwimu za fungu la 29 na la 45 zikiwa zimepasuliwa, na muulize kama kuna chochote cha kiwango cha kaunti. Barua pepe hukaa, lakini mtu aliyekuja na swali lililoandikwa vizuri mara nyingi hukaribishwa. Ulizeni pia namba hizo ni kwa toleo gani la ISIC, kwa sababu toleo jipya, la 5, limelivunja fungu la 45: ukarabati wa magari umehamishiwa fungu la 95 pamoja na ukarabati mwingine, na nchi zikihamia huko mtu asiyejua atadhani mafundi wametoweka. Na kama kamati itataka kizidishi rasmi, au kama waraka wenu utatumika kuomba msamaha wa kodi, hapo msijaribu peke yenu. Tafuteni mchumi aliyewahi kushika majedwali ya Kenya ya ugavi na matumizi, wa KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, au wa chuo kikuu, akae nanyi siku nzima na daftari zenu. Kizidishi kilichotengenezwa vibaya kitawaharibia hata namba zilizo sahihi.

Nimebakiwa na mama wa chapati. Wachumi humwita athari ya matumizi: mishahara ya kiwandani inapotumika nje ya lango. Anahesabika, ila katika mstari wake mwenyewe, chini ya ule wenu. Msimjumlishe juu, kwa sababu mfanyakazi angekula mahali fulani hata angekuwa na kazi nyingine. Baba yako yuko sahihi kwamba mama huyo hujua mapema. Takwimu za robo mwaka hutoka baada ya miezi, yeye anajua siku hiyohiyo saa nne asubuhi. Mtafuteni, au aliyerithi nafasi yake pale langoni, mumuulize amekuwa akikanda unga kilo ngapi wiki ambazo kiwanda kinafanya kazi siku sita, na kilo ngapi kikifanya siku tatu. Andikeni kilo hizo kama alivyozisema, na tarehe mliyomuuliza.